Sefu Aliyoifungua Maganga

Shikamoo zenu nimezipokea, ingawa nusu yenu mmezirusha kama mtu anayewarushia kuku punje. Mmeniomba niwaeleze kazi ya ukalimani ilivyokuwa hapa Tabora enzi za Mwingereza. Nimewasikiliza tangu mlipoingia: neno la Kiswahili, neno la Kiingereza, nusu ya hili, robo ya lile, kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili, halafu anapita katikati ya barabara ili atazamwe. Sikukasirika. Mmenikumbusha mpumbavu mmoja niliyemfahamu vizuri mno, kwa kuwa kila asubuhi nilimnyoa ndevu.

Nilikuwa mkalimani wa baraza, bomani. Nilisoma Kipalapala, wakanilisha Kilatini miaka kadhaa niwe padre, kisha Mungu akawahurumia waumini, akanitoa. Nilitoka na Kiingereza kilichonyooka kama suruali iliyopigwa pasi, na kiburi kilichonyooka zaidi. Nilipokuwa nikipita sokoni nilitembea polepole, watu wapate nafasi ya kunisalimu.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mshitakiwa anasema Kiswahili au Kinyamwezi, Bwana Shauri anaandika Kiingereza, na wewe umesimama katikati. Tulimwita Bwana Shauri kwa kuwa ndiye aliyeamua mashauri. Wapo waliojua Kiswahili. Huyu wa siku zangu alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali, na Mungu peke yake ndiye anayejua nani alimsahihishia. Alijua kusema "lete", "ondoa" na "upesi". Hayo yalimtosha kuishi hapa miaka mingi bila kumwelewa mtu.

Wakalimani wenzangu nao sitawasifia. Alikuwako mmoja, shahidi akisema "baba mdogo", yeye anapeleka kwa Kiingereza baba mfupi. Bwana Shauri wao akaandika kwamba shahidi ana baba wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akataka wote waletwe. Mwingine aliambiwa na mshitakiwa kwamba alikuwa kilabuni saa mbili, akapeleka saa mbili ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa nane. Mtu yule aliponea chupuchupu. Nilikuwa nikiyasimulia hayo kwa rafiki zangu na kucheka mpaka machozi. Yaani mimi!

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mabruki, Mmanyema wa mjini. Baba yake alipita hapa na misafara ya Ujiji, akachoka, akabaki. Mzee Mabruki alikalimani tangu kwa Mjerumani, na hakuwa amekaa darasani hata siku moja. Maneno aliyaokota njiani, maana mji huu ni mji wa njia. Mpwani alitua mzigo hapa, Mwarabu alitua, Mjerumani, Mhindi, na kila mmoja alipoondoka alisahau maneno yake. Mzee alisema sahihi na alisema kwa ukamilifu. Siku moja bibi mmoja mkali alimwambia Bwana Shauri wa wakati huo kwamba masikio yake kazi yake ni kushikilia kofia. Sisi vijana tungelilainisha. Mzee Mabruki alilipeleka zima, bila kupepesa jicho. Mzungu akawa mwekundu shingo nzima, kisha akaweka kalamu chini, akasikiliza.

Alinipa kanuni moja tu. Alisema, "Mwanangu, jina la kitu ni nguo. Leo kimevaa hii, kesho ile. Wewe uliza kitu chenyewe kinakaa wapi, kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani. Na shahidi akisema, usimtazame Bwana Shauri. Mtazame shahidi mikono. Mdomo unajua jina, lakini mikono inakijua kitu."

Niliitikia, "Ndiyo, mzee," huku moyoni nikimcheka. Mtu asiyejua hata kuandika jina lake atanifundisha nini mimi niliyesoma Kilatini? Alipofariki nilikwenda kumzika, nikarudi na kiburi changu kizima.

Sasa ndipo inakuja habari ya Maganga.

Maganga alikuwa mpishi, mtu wa makamo, mwembamba, aliyezoea kukunja mikono ya shati hata akiwa hapiki. Aliishi Ng'ambo, mtaa wa hapa mjini, na mkewe Kalunde, wote wawili asili yao Lusu, upande wa Nzega. Alimpikia Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Barabara, kwa kuwa kazi yake ilikuwa barabara, ingawa mngeziona barabara zenyewe mngempa jina lingine. Bwana huyo alikuwa na saa ya dhahabu aliyoachiwa na baba yake. Aliiweka ndani ya sefu ya chuma, chumbani kwake. Siku moja aliifungua, saa haimo. Sefu haikuvunjwa, na ufunguo, akaapa, hautoki mfukoni mwake. Nyumbani kulikuwa na yeye, mkewe na mpishi. Basi, mnafikiri alikamatwa nani?

Ilikuwa Ijumaa. Maganga alisimamishwa kizimbani, akasomewa shitaka la kuiba saa. Akasema, "Sikuiba." Nikapeleka. Bwana Barabara akatoa ushahidi wake. Halafu Inspekta wa polisi, Mzungu naye, akaanza kumhoji Maganga, na mimi nimesimama katikati, kola yangu imetiwa wanga.

Tarishi wetu wa bomani aliitwa Sefu. Kila Inspekta alipotaja sefu, tarishi alitoa kichwa mlangoni, akaitika, "Naam!" Mara ya tatu Bwana Shauri akamwamuru atoke nje akae mbali. Watu wakacheka, nami nikacheka. Neno moja lilikuwa na wenyewe wawili katika chumba kimoja, na bado sikushtuka.

"Siku ile uliifungua sefu?" nikamuuliza Maganga, kwa niaba ya Inspekta.

"Niliifungua, bwana. Kila siku naifungua."

Nikapeleka.

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Wakija wageni, hata mara tano."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Maganga akanitazama kama anayetazama mtoto. "Ruhusa ya nini tena? Si ndiyo kazi yangu?"

"Ufunguo uliupata wapi?"

"Unaning'inia kwenye msumari, jikoni."

Bwana Barabara akaruka kitini, akasema kwamba huo ni uongo, ufunguo uko kwake, huu hapa. Bwana Shauri akaandika. Niliona anaandika kwamba mpishi amechonga ufunguo wa pili.

"Na siku ile uliitoa?" Inspekta aliuliza.

"Niliitoa."

"Iko wapi?"

"Imeliwa, bwana."

Hapo nisikilizeni kwa makini, maana hapo ndipo nilipojiona bingwa. Kiswahili ninakijua. Najua kwamba mali ikiliwa, si lazima iwe imetafunwa. Imeuzwa, imetumiwa, imekwisha. Basi nikapeleka Kiingereza kizuri kabisa: ameiuza na fedha amezitumia. Nilijipongeza. Mkalimani mshamba, nilijiambia, angesema imetafunwa, akachekwa.

Kiswahili chetu kikatumaliza pale. Saa "imeliwa", nyama "imeliwa", zote ni "i". Nami sikuwa nimetaja saa wala nyama. Nilisema "uliitoa", naye akasema "niliitoa", tukapita kama watu wawili wanaosalimiana gizani kila mmoja akidhani mwenzake ni jirani yake.

Na mikono yake? Mikono yake, wanangu, ilikuwa ikisema muda wote. Alipotaja kufungua, vidole vyake vilizungusha kipande kidogo cha mbao, kisha vikavuta mlango mwepesi. Hakuna sefu ya chuma inayofunguliwa hivyo. Mimi nilikuwa namtazama Bwana Shauri, nione kama amependezwa na Kiingereza changu.

Alipendezwa. Alisema amesikia ya kutosha, hukumu Jumatatu. Maganga akarudishwa mahabusu, akigeuka geuka kuniangalia, kama anayetaka kuuliza swali ambalo hajui aanzie wapi.

Jumamosi asubuhi tarishi Sefu aliniletea mwanamke mezani. Alikuwa Kalunde, mkewe Maganga, ameshika bakuli la ugali lililofunikwa kitambaa. Alipiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mwanamke yule alinizidi umri, lakini nilipokea. "Marahaba. Sema."

"Wanasema mume wangu amekiri. Nimekuja kuuliza, amekiri nini?"

"Amekiri kuifungua sefu."

"Sefu ya nyama?"

"Nyama gani, mama?"

"Sefu si ile iliyoko baraza ya nyuma? Ya mbao, ina wavu wa waya nzi wasiingie. Miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji, siafu wasipande. Nikienda kumsaidia kufua vitambaa, mimi ndiye ninayeyajaza yale makopo." Akanitazama. "Asiifungue, basi nyama ataitoa wapi?"

Nilijua palepale. Na nawaambieni nilichomjibu mwanamke yule, ili mnijue.

Nilimwambia, "Nenda nyumbani, mama. Mambo ya baraza huyawezi."

Akanyanyua bakuli lake, akaenda.

Siku ile ningeweza kuvuka ua, kumkuta Bwana Shauri ofisini mwake, na kumweleza. Hatua sitini. Sikuzivuka. Niliona nitachekwa na wale wale niliowacheka, wenye baba mfupi na saa mbili. Nikaanza kujitafutia kinga, kama ilivyo kawaida ya msomi. Nilijiambia kwamba sefu ni neno la Kiingereza, na Kiingereza halisi sefu ni kasha la chuma la kuwekea mali. Wapishi wamelikokota jikoni wakaliharibu kwa Kiswahili chao cha masufuria. Kosa ni la mpishi. Angesema kabati. Nikaona kinga hiyo inatosha, lakini nilitaka iwe na muhuri.

Basi Jumapili nikapanda baiskeli mpaka Kipalapala, kwa padre mmoja mzee aliyenifundisha Kilatini. Nilimkuta baada ya Misa, anamwagilia vitunguu vyake. Nikamwomba kamusi kubwa ya Kiingereza, ile ambayo kila neno limeandikiwa ukoo wake. Akanipeleka maktaba, akaishusha kwa mikono miwili, akavaa miwani.

"Neno gani?"

Nikamtajia herufi zake nne: S, A, F, E.

Akatafuta kwa kidole, akasoma kimya, akacheka puani. "Hili ni letu," akasema. "Asili yake ni Kilatini. Unakumbuka *salvus*?"

"Mzima," nikasema. "Aliye salama."

"Vizuri, hukusahau yote. Likapita kwa Wafaransa, wakalikata kama wanavyokata kila kitu, likavuka maji mpaka kwa Waingereza." Akasogeza kidole. "Sasa, kitu chenyewe, hicho cha nyumbani. Zamani walikiandika kwa V, siyo kwa F. Maana yake ya kwanza ni kabati la chakula. Lenye kupitisha hewa, la kuzuia nzi na panya."

"La chakula, Padre? Si kasha la fedha?"

"Kasha la chuma limekuja baadaye sana. Miaka mia kadhaa baadaye. Watu walianza kuhifadhi nyama kabla hawajawa na dhahabu ya kuhifadhi. Ni akili ya kawaida."

Nikaikodolea macho ile kamusi. Nilikuwa nimekuja kutafuta hati ya kumshitaki mpishi, kamusi ikamtetea. Mwenye Kiingereza cha asili alikuwa Maganga. Mimi niliyejidai nacho nilikuwa na kile cha juzi.

"Kwa nini unauliza?" padre akasema.

"Nasoma tu, Padre."

Alinitazama juu ya miwani, akarudi kwenye vitunguu vyake. Padre aliyekusikilizia maungamo utotoni, usimdanganye Jumapili. Baiskeli ilikuwa nzito kurudi, na njia ni tambarare.

Jumatatu nilifika bomani kabla ya mfagiaji. Baraza likajaa. Maganga akaletwa. Bwana Shauri akafungua karatasi zake asome, nami nikasema kwa Kiingereza kwamba ninaomba nafasi ya kusema neno.

Alinitazama kama vile kiti kimeongea. "Mkalimani hana neno lake," akasema.

"Leo analo, Bwana."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya. Kile Kiingereza cha suruali iliyopigwa pasi kilikunjamana kote, nikarudia maneno, nikasahau mengine. Nikasema kwamba kuna sefu mbili, na mimi niliuliza ya moja nikajibiwa ya pili, na ile "imeliwa" ilikuwa imeliwa kweli, kwa meno. Inspekta akaangua kicheko. Bwana Shauri hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Kwa nini hukuuliza?"

Nawaambieni ukweli, hata katika aibu ile nilimtazama nikawaza, na wewe je? Miaka yote umekula nyama iliyotoka ndani ya sefu kama ile, nyumbani kwako mwenyewe, na hujui mpishi wako anaiitaje. Kwa nini wewe hukuuliza?

Bwana Shauri alivaa kofia, akaamuru sote twende nyumbani kwa Bwana Barabara, mshitakiwa na askari nyuma ya gari.

Safari hii nilikumbuka kanuni ya Mzee Mabruki, mwenye heri. Sikutaja jina la kitu chochote. Nilimwambia Maganga, "Kitu ulichosema unakifungua kila siku, kiguse."

Maganga akazunguka nyumba mpaka baraza ya nyuma, akaweka kiganja juu ya kabati la mbao lenye wavu. Makopo manne yalikuwa chini ya miguu yake, maji yamekauka, siafu wamekwisha kupanda safu. Bwana Shauri akazungusha kile kijiti, akavuta mlango. Ndani kulikuwa na sahani ya siagi iliyoyeyuka na nusu kuku. Jikoni, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo mdogo wa kabati lile, wenye kutu kwa kutotumiwa.

"Na siku ile ulitoa nini?"

"Paja la mbuzi," akasema Maganga. "Memsahibu alinigombeza kwa kuwa nililipika kabla hajaniamuru. Ya saa nilishajibu kwamba sikuiba, nikadhani sasa ndilo mnaloniuliza. Nikashangaa serikali nzima kukusanyika kwa paja la mbuzi, lakini nikasema, hawa ni Wazungu."

"Na kile kitu cha chuma kilichoko chumbani?"

"Kile? Kile ni kasha la Bwana. Mimi mpishi, chumbani naingia kufanya nini?"

Aliachiwa siku ileile. Bwana Barabara hakumwomba radhi. Baadaye sana saa ilipatikana ndani ya mfuko wa koti lake zito la baridi, ambalo Tabora halivaliki. Aliitia mwenyewe siku alipokuwa na homa, akasahau. Alipeleka ujumbe bomani kwamba saa imeonekana, kwa maneno hayohayo, kana kwamba saa ndiyo iliyotoroka ikajirudisha. Mimi Bwana Shauri alinitoa barazani, akaniweka chumba cha barua, kubandika stempu. Nilibandika kwa muda mrefu, na ulimi wangu ukajifunza adabu kwa gundi.

Jioni ya siku ileile ya kuachiwa nilikwenda Ng'ambo kumwona Maganga. Nilimchukua kuku, jogoo mzuri mwenye manyoya mekundu. Nilimkuta amekaa kizingitini peke yake, jiko halijawashwa. Nyumba ilikuwa kimya.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Amechukuliwa. Kaka yake anafanya kazi hapa relini. Alisikia kwamba nimekiri mwenyewe, kwa kinywa changu. Jana mchana alikuja akampandisha lori, amemrudisha kwa baba yao Lusu. Wakwe zangu hawaachi binti yao katika nyumba ya mwizi."

Jana mchana. Jumapili. Saa zile nilikuwa Kipalapala nafunua kamusi. Ningevuka ule ua Jumamosi, lori lingeondoka bila Kalunde.

Nikamwambia kwamba nimekosa, nikamnyooshea jogoo. Hakumpokea.

"Mrudishe nyumbani kuku wako," alisema taratibu. "Mimi sikusoma. Mimi napika. Lakini sijawahi kumpelekea mtu chakula mezani bila kukionja kwanza. Naweza kuwa nimetia chumvi mahali pa sukari, sijui. Naonja. Wewe ulionja?"

Nikamrudisha jogoo kwapani.

"Basi nataka kitu kimoja. Tutakwenda wote Lusu. Utasimama mbele ya baba mkwe wangu, useme kwa kinywa chako."

"Nitamwandikia barua," nikasema haraka. "Nitaigonga muhuri."

Maganga akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na kicheko chenyewe kilinichoma. "Barua! Si utaiandika wewe?"

Jumamosi iliyofuata tulipanda lori la Mhindi mmoja mfanyabiashara, juu ya magunia ya chumvi, mpaka Nzega, na kutoka pale kwa miguu. Njia nzima hatukuzungumza ila mambo ya jua. Tulipofika, baba mkwe, Mzee Shija, alikuwa anatengeneza mlango wa zizi, na hakuacha kazi yake kwa ajili yetu. Tulimwamkia, akaitikia bila kugeuka. Majirani walianza kusogea. Wanawake waliokuwa wakitwanga karibu na ghala walipunguza mchi.

Nilikuwa nimekalimani mbele ya Wazungu wa kila namna, na siku ile nilimwogopa mzee mwenye kamba mdomoni. Nilisema Kinyamwezi, lugha ya mama yangu, ambayo mjini nilikuwa najifanya imenipotea. Nikasema mimi ndiye niliyesema kwamba Maganga amekiri. Nikasema Maganga hakukiri. Alisema kweli, mimi nikaigeuza uongo njiani kwa kutouliza.

Mzee Shija alifunga fundo lake la kamba. Kisha akageuka.

"Hiyo sefu ni nini?"

Nikaeleza. Kinyamwezi hakikuwa na neno, na sikujidai kulitunga. Nikaonyesha kwa mikono: kabati la kimo hiki, la mbao, wavu hapa, kijiti cha kuzungusha mlangoni, miguu minne, chini makopo ya maji, ndani nyama.

"Na mlikuwa watu wangapi huko barazani?"

"Wengi, baba. Bwana Shauri, Inspekta, mwenye nyumba, wazee washauri, askari, mimi."

"Wote mmesoma?"

"Wengi wetu."

"Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ndani yake huwa mna nini."

Halikuwa swali. Mwanamke mmoja kwenye kinu alicheka, akajaribu kuzuia kwa kanga, ikashindikana. Wa pili akadakia, kisha wote, mpaka majirani waliokuwa kwenye ua. Waliigiza jinsi nilivyozungusha kile kijiti cha mlango. Walinicheka kwa muda mrefu na kwa haki. Nilisimama pale na suruali yangu ya pasi iliyojaa vumbi la njia, nikacheka nao kidogo.

Mzee Shija hakucheka. Alimwita binti yake, akamwambia achukue vitu vyake kabla jua halijazama.

Kalunde alitoka ndani na mzigo umekwisha kufungwa. Nadhani aliufunga aliposikia sauti ya mumewe. Akajitwika, akapita ubavuni mwangu kama anavyopita mtu kigingi cha kufungia ndama, akamfuata Maganga njiani. Hakuniaga, nami nikawaacha watangulie mbali kabla sijaanza kutembea.